Kucha ya Fundi Christabel

Kucha ya kidole gumba cha kulia cha Christabel Jebet ilikuwa ndefu kuliko zile tisa zilizobaki. Hizo tisa alizikata hadi karibu na nyama, kama inavyompasa mtu anayeshinda mikono ndani ya grisi. Hiyo moja aliifuga, akawa anaitunza kwa tupa ndogo ya kunolea cheni. Wanawake wa kanisa lake kule Langas walipomuuliza kama ni urembo, aliwaambia ni chombo cha kazi. Walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Alikuwa fundi wa pawa, ile misumeno ya injini ambayo wakataji miti wa Uasin Gishu huibeba begani kutoka shamba hadi shamba. Meza yake ilikuwa kwenye baraza la duka la Osman, muuza vipuri, mjini Eldoret upande wa reli, mahali ambapo mafundi wa kila aina wamejipanga mpaka ukutani mwa ghala la mahindi. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Ufundi aliupatia katika karakana ya kampuni moja ya mbao, ambako aliajiriwa kufagia baada ya kumaliza kidato cha nne huko kwao Moiben. Alifagia polepole kwa makusudi, miaka mitatu mizima, macho yakiwa kwenye mikono ya mafundi. Siku fundi mkuu alipougua na pawa sita zikawa zimelala sakafuni, Christabel aliegemeza ufagio ukutani, akaziamsha nne kabla ya chakula cha mchana. Meneja alimuuliza ni nani amemruhusu.

"Hakuna," alisema. "Hizo mbili nizimalize, ama nirudi kufagia?"

Kampuni ilipofungwa, alitoka na sanduku la spana. Mke wa mchungaji alimshauri auze nguo za mitumba, kazi safi isiyomchosha mwanamke. Christabel alimshukuru, akapanda boda boda hadi mjini kutafuta mahali pa kuweka meza. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Binti yake, Joy, amesoma hadi chuo kwa hiyo meza.

Kilichompa jina ni silinda. Silinda ya pawa ni kikombe cha alumini kilichopakwa ndani ngozi nyembamba ya madini magumu. Pistoni hupanda na kushuka humo mara maelfu kwa dakika moja, na kinachoitenga na ukuta ni oili kidogo iliyochanganywa na petroli. Oili ikipungua, pistoni hupata moto na kuvimba, alumini yake inajipaka ukutani kwa michirizi, na pawa inakwama. Fundi wa kawaida akiona michirizi hiyo husema silinda imekufa, nunua nyingine. Christabel alikuwa akisema, "Hebu ngoja kwanza," halafu anapitisha ile kucha. Kama kucha iliruka juu ya kitu kama tone la nta lililokauka, basi ukuta ulikuwa mzima, ila umepakwa. Kama kucha ilizama na kunasa, basi ngozi ilikuwa imechanika, na hapo alikuwa wa kwanza kumwambia mwenyewe aitupe. Zile zilizopakwa tu alizisafisha, akatia pistoni mpya na ringi mpya, na pawa ikarudi msituni.

Jirani yake wa meza ya pili, Kipyego, hakuipenda kazi hiyo. Yeye alikuwa mtu wa kutoa kuukuu na kutia mpya. Kila Christabel alipoinamia silinda, Kipyego alipaza sauti mafundi wote wasikie: "Mama Joy anasugua sufuria! Jioni tutapakuliwa ugali!"

"Nikisugua sufuria utajiona uso ndani," Christabel alimjibu siku moja bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana unaogopa."

Mambo yaliharibika Jumatatu moja ya mwezi wa mvua. Mzee Kigen, mkataji miti wa Kapseret, alishuka kwenye boda boda na pawa yake imefungwa kwa gunia. Akaiweka juu ya meza ya Christabel kabla ya kumsalimia, na Mzee Kigen hakuwa mtu wa kusahau salamu.

"Imekwama tena, Mama Joy."

"Lini?"

"Ijumaa. Nilikuwa kwa mti wa tatu. Ikalia kama mbuzi, ikanyamaza. Wewe uliitengeneza, na mwezi haujaisha."

Kipyego aliweka spana chini. "Hiyo ni ya tatu," alisema. "Wiki iliyopita ilikuwa ya yule jamaa wa Moiben. Kabla yake ya yule wa kutoka kwa shamba za chai. Zote zimesuguliwa na nani? Mzee, pole. Sufuria ni ya jikoni."

Hesabu ilikuwa ya kweli. Pawa tatu alizozisafisha zilikuwa zimerudi zimekwama.

Osman alitoka dukani akifuta miwani kwa ncha ya shati. Alikuwa mtu wa maneno machache, na baraza lilikuwa lake. "Mama Joy, mimi sina vita na wewe. Lakini watu wanasema baraza la Osman linaua pawa. Itengeneze hii mara moja tena. Jumamosi iende kwa gogo. Ikimaliza tangi, meza ni yako. Ikikwama mbele ya watu, itabidi nimpe mtu mwingine hii nafasi."

"Mtu gani?"

Osman alivaa miwani yake, akaitazama reli. Kipyego naye akaanza kupanga spana zake ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Sawa," Christabel alisema. "Jumamosi. Lakini ikimaliza tangi, sitaki kusikia tena neno sufuria hapa. Si kwa utani, si kwa wimbo."

Gogo lilikuwa desturi ya pale. Nyuma ya duka kulilala shina la mkaratusi, nene kama pipa, na kila pawa iliyobishaniwa ilijaribiwa juu yake. Mwenye pawa alikuja na petroli yake, akachanganya oili kwa mkono wake, akajaza tangi, akakata vipande hadi tangi likauke. Fundi haruhusiwi kugusa mafuta, asije akaleta ya kwake yaliyonona. Petroli ya mwenyewe, mkono wa mwenyewe, gogo la wote. Gogo lilikuwa limeshaondoa mafundi wawili pale, na hakuna aliyewahi kubisha uamuzi wake.

Jumanne Christabel aliifungua pawa ya Mzee Kigen. Michirizi ilikuwa upande wa kutolea moshi, ambako joto ni kali zaidi, mipana kama kidole. Akapitisha kucha kutoka juu kwenda chini. Ikaruka. Akapitisha tena. Ikaruka. Haikunasa popote. Ukuta ulikuwa mzima, na hilo lilimtia hasira badala ya kumfurahisha. Kama kazi yake ya mwanzo ilikuwa mbovu, mbona ngozi haikuchanika?

Alivaa glavu, akachovya pamba iliyofungwa kwenye njiti ndani ya asidi, ile inayouzwa ya kusafishia vyoo. Akagusa mchirizi mmoja tu. Alumini ilitoa povu la kijivu kama inachemka. Akahesabu hadi ishirini, akafuta, akatazama, akagusa tena. Hakuiacha asidi ifike kwenye kingo za matundu ya kuingizia mafuta na kutolea moshi, kwa maana huko hakuna ngozi ya kuzuia, na asidi ingekula silinda yenyewe. Povu lilipokoma alijua alumini ya pistoni imeisha. Akaosha kwa maji ya magadi, akakausha, akasugua kwa msasa laini wenye oili, mkono ukizunguka na kushuka ili ukuta ubaki na mikwaruzo myembamba ya kushika oili. Kucha ikateleza kutoka juu hadi chini kama kidole juu ya kioo.

Kisha akaanza kumtafuta adui. Alikagua kabureta, ilikuwa safi. Akakagua sili, zile pete za mpira za pembeni, kama zinavuta hewa, zilikuwa nzima. Chujio halikuziba. Oili aliyokuwa akinunua Mzee Kigen ilikuwa ileile ya siku zote, kutoka kwa Osman. Jumatano ikaisha hivyo.

Alhamisi alikosa bolti ya kufungia kifuniko cha moshi, akaenda kupekua lundo la chuma chakavu karibu na gogo, ambako mafundi wote hutupa vitu vilivyokufa. Chini ya vipande vya mabati akaona silinda inayong'aa. Ilikuwa na karatasi ya duka la Osman bado imebandikwa, na tarehe ya kuuzwa kwa mwandiko wa Osman mwenyewe: wiki tano tu zilizopita. Ndani ilikuwa na michirizi upande wa kutolea moshi, mipana kama kidole. Hakuna aliyekuwa akitia silinda mpya pale isipokuwa Kipyego.

Christabel aliigeuza mkononi. Kama silinda mpya kabisa, ambayo haikuguswa na asidi yake wala msasa wake, ilikufa kifo kilekile, basi muuaji hakuwa mkono wake. Lakini ni nani? Hakujua. Aliitia mfukoni mwa aproni, akapata bolti yake, akarudi mezani, asiseme neno kwa mtu. Neno lenye nusu ya ushahidi, Kipyego angelimeza.

Jumamosi asubuhi mvua ilipumzika. Mafundi walifunga kazi, wauza chai wakaja na birika, na wakataji miti kadhaa waliokuwa wamekuja kununua cheni wakabaki kutazama. Christabel aliweka pawa juu ya gogo mwenyewe. Bado hakuwa na jibu. Mmoja wa wauza chai alimnong'oneza, "Mama Joy, si useme tu unaumwa, ije wiki ijayo?"

"Siumwi," alisema Christabel, "na silinda yangu haiumwi."

Mzee Kigen alileta chupa mbili za petroli, za lita moja moja. Akafungua oili yake. Kisha akatoa mfukoni kifuniko cha chupa ya maji, akaanza kupima mbele ya watu, huku akihesabu kwa sauti ili asilaumiwe. "Moja. Mbili."

Christabel alikuwa akitazama vidole vya Mzee. Vilikuwa vidole vinene vya mkata miti, navyo vilikuwa vinahangaika. Kifuniko kilikuwa kifupi, Mzee akikishika kwa ncha tu, oili ikitaka kumwagika.

"Tatu. Nne."

Mezani kwake Christabel alikuwa na vifuniko vya chupa kumi na viwili vya kuwekea skrubu na vidude vidogo. Alikuwa navyo tangu karakana ya mbao. Skrubu ziliingia humo zikazama. Katika kile cha Mzee Kigen, zingechungulia nje.

"Simama hapo, Mzee!"

Kila mtu aligeuka. Kipyego akapiga makofi. "Ameogopa! Mama Joy ameogopa gogo!"

"Nyamaza kwanza, Kipyego. Mzee, hicho kifuniko ni cha lini?"

"Cha maji nilikunywa jana. Kwani? Vifuniko vitano kwa lita, si ndivyo uliniambia wewe? Miaka yote ni vitano."

Christabel alienda mezani, akamwaga skrubu kutoka kwenye kifuniko kimoja cha zamani, akarudi nacho. Alivisimamisha viwili hivyo juu ya gogo, kimoja kando ya kingine. Cha zamani kilikipita kipya kwa urefu kama kaka mkubwa. Watu wakasogea.

"Osman, tafadhali," alisema, "niletee sirinji."

Jirani na Osman kulikuwa na duka la dawa za mifugo. Osman alienda mwenyewe, akarudi na sirinji ya kuchomea ng'ombe, isiyo na sindano, yenye mistari ya mililita ubavuni. Christabel akajaza kifuniko cha zamani oili hadi ukingoni, akaivuta kwa sirinji, akaiinua juu ili wote waone.

"Soma, Osman."

"Saba na nusu."

Akafanya vivyo hivyo kwa kipya.

Osman alivua miwani, akavaa tena. "Nne na nusu."

"Mara tano," alisema Christabel. "Cha zamani ni thelathini na saba na nusu. Hiki ni ishirini na mbili na nusu. Na chupa ya oili yenyewe imeandikwa arobaini kwa lita. Wenye kutengeneza chupa wamepunguza plastiki, sisi tumeendelea kuhesabu vitano. Pawa zimekuwa zikifanya kazi na kiu."

Wakataji miti waliokuja kununua cheni walitazamana. Mmoja alitia mkono mfukoni, akatoa kifuniko chake, akakilaza juu ya gogo kimyakimya. Kilikuwa kifupi.

"Kwa hivyo kosa ni la mteja!" Kipyego alisema. "Mnasikia? Anamlaumu Mzee!"

Christabel alijua kwamba hapo ndipo angeweza kutoka salama. Angenyamaza tu.

"Hapana," alisema. "Kosa ni langu. Vitano nilimfundisha mimi, na nimefundisha watu wengi. Nilipima mara moja, miaka hiyo, nikaamini, sikurudi kupima. Mzee, pole. Jamaa wa Moiben na yule mwingine, wataitwa watengenezewe, na pole yao wataipata kutoka kwa mdomo wangu."

"Amekubali!" Kipyego alinyoosha mikono kama mtu aliyefunga goli. "Osman, umesikia kwa masikio yako. Amekubali!"

"Nimekubali yangu. Sasa wewe kubali yako." Akatoa mfukoni mwa aproni ile silinda inayong'aa, akaiweka juu ya gogo, karatasi ya duka ikimwelekea Osman. "Hii sikuisugua. Ilitoka kwa kabati hadi kwa mkono wako. Imekufa kabla ya wiki tano. Mwenye pawa ulimwambia nini?"

Osman aliichukua, akasoma mwandiko wake. Akaipindua, akachungulia ndani. "Nimeuza silinda saba tangu mvua ianze," alisema polepole. "Mwaka jana wakati kama huu niliuza mbili. Mimi nilifikiri biashara imechangamka."

Mtu mmoja nyuma alicheka, wengine wakamfuata. Kipyego hakucheka. "Hayo ni mengine," alisema. "Leo ni gogo. Desturi ni petroli ya mwenyewe na mkono wa mwenyewe. Fundi hagusi mafuta."

"Na sitagusa," alisema Christabel. Alimpa Mzee Kigen sirinji. "Petroli ni yako, Mzee. Oili ni yako. Mkono ni wako. Kipimo tu ndicho cha ng'ombe. Mwaga hiyo, anza upya. Vuta ishirini, mara mbili."

Mzee Kigen alitazama mafundi, akatazama Osman. Osman aliinua kidevu kidogo. Mzee akamwaga, akamimina lita nyingine, akavuta ishirini, akavuta ishirini tena, akatikisa chupa, akajaza tangi.

Pawa ilishika kwa mvuto wa tatu. Mzee aliiacha ipate joto, kisha akaitia ndani ya mkaratusi, na vumbi la mbao likaruka juu ya viatu vya watu. Kipande cha kwanza kilianguka. Cha pili. Cha tano. Christabel alisimama na mikono nyuma, kichwa kimeinama upande mmoja, akisikiliza. Katikati ya kipande cha nane sauti ilishuka, ikawa nzito, na watu wote wakamgeukia yeye badala ya pawa. Kipyego alisogea hatua moja mbele.

"Usiilalie, Mzee!" Christabel alipiga kelele. "Una haraka ya nani? Iache ikate yenyewe!"

Mzee Kigen akalegeza mabega. Sauti ikapanda, ikatulia, ikaendelea. Vipande vikawa kumi na vitatu. Chai ilipoa mikononi mwa watu. Ndipo pawa ikapandisha sauti kwa ghafla, ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Imekufa!" alisema Kipyego.

"Imemaliza chakula," alisema Mzee Kigen, akafungua tangi, akalipindua juu ya gogo. Halikudondosha hata tone.

Christabel aliingoja ipoe, muda wa kikombe kimoja cha chai, na hakuna aliyeondoka. Kisha alifungua kifuniko cha moshi, akaigeuza pawa ili mwanga uingie kwenye tundu, akaivuta kamba taratibu. Pistoni ilipita pale, laini, ina unyevu wa oili kuanzia juu hadi chini. Mzee Kigen akatazama kwanza. Osman akatazama, akaingia duka la dawa za mifugo. Alipotoka alikuwa na ndoo ya sirinji zote zilizokuwa kwa jirani, akaiweka juu ya meza ya Christabel, katikati kabisa, kana kwamba meza hiyo haijawahi kubishaniwa.

Kipyego alibaki wa mwisho. Alichungulia kwenye tundu kwa jicho moja, kisha kwa lile lingine.

"Macho yanadanganya," alisema. "Pistoni inaweza kuonekana laini na bado ina mikwaruzo."

"Kweli," alisema Christabel. "Ndiyo sababu sitegemei macho. Pitisha kucha."

Kipyego alitazama mkono wake wa kulia, akautazama wa kushoto. "Zangu fupi."

"Basi fuga."

Akaivuta pawa kwake, akaanza kurudisha bolti za kifuniko cha moshi moja baada ya nyingine. Yule mkataji miti mwenye kifuniko kifupi alikuwa ameshasimama mbele ya meza yake, pawa begani, akingoja zamu.